Kwa Mtani Aliyekuwa Akiniibia Nyama

Mtani wangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, na safari hii angalau una sababu.

Ulipokuwa hai hukuwahi kuniitikia kama watu wengine. Nikikuamkia, ulikuwa unatazama juu ya kichwa changu kama mtu anayetafuta kitu mbali, halafu unauliza jiko zima, "Nani ameacha zizi wazi?" Zawadi wa chipsi anacheka mpaka upawa unamponyoka. Mimi najibu kwamba nyinyi Wakaguru mmeishi milimani mpaka mguu mmoja umekuwa mfupi, ndiyo maana mkifika tambarare mnatembea kama meza mbovu. Unaridhika. Unanoa kisu. Siku imeanza.

Kwa kuwa hii ni barua ya wazi, na wapo watakaoichungulia ambao hawakukujua, acha niwaeleze. Mzee Stefano alikuwa mkata nyama wa hoteli tunayofanyia kazi hapa Mikumi, mabasi yanaposimama ili abiria wale. Mimi ni Kabula, Msukuma, napika ugali na wali. Wasukuma na Wakaguru ni watani tangu mababu zetu walipokuwa wakipita nchi hii kwa miguu na mizigo kichwani. Ruhusa ya kutukanana tumeirithi, na pamoja nayo tumerithi wajibu wa kuzikana. Matusi ni ya kila siku. Wajibu husubiri.

Na jikoni hakuna mkubwa kuliko Mama Amosi, mpishi mkuu. Naye ni Mkaguru, binti wa Chanzuru, kwa hiyo kwa haki zote ni mtani wangu. Ila yeye hakuwa mtu wa utani, alisema hiyo ni kazi ya watu wasio na masufuria. Ndiye anayeshika simu. Kondakta akiwa bado yuko njiani humpigia kumwambia basi limejaa kiasi gani, naye hutugawia amri. Bila simu ile sisi wote ni vipofu wenye miiko.

Basi. Jambo lenyewe lilikoanzia unakujua. Nitalisimulia hata hivyo, kwa sababu kila nilipojaribu kulizungumza na wewe ulianza kunoa kisu.

Ilikuwa asubuhi, msimu mahindi yamebeba. Mama Amosi aliingia kanga imekaa upande, akatuambia mama yake ameamka kule Chanzuru akakuta shamba limekuwa uwanja. Ng'ombe wamepita, wamekula mahindi, wamekanyaga na mbaazi, wameondoka. Hakuna aliyewaona wala anayejua ni wa nani. Ndicho kilikuwa chakula cha bibi yule mpaka msimu mwingine. Alisema hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Na wewe mtani, na busara zako zote, ukafanya kosa ambalo mgeni wa nchi hii asingeweza kulifanya. Ulinigeukia ukasema, "Kabula, ng'ombe wa baba yako wana miguu myepesi. Jana nimewaona Mikumi, leo wamekula Chanzuru."

Mimi nilijua ulichotaka. Ulitaka nikutukane, tucheke, yule mama naye apumue. Ndivyo watani wanavyofanya hata penye maiti. Ila penye maiti watu huwa wamekwisha kulia kwanza. Mama Amosi alikuwa hajalia bado.

Aliinua macho, akaniangalia mimi, si wewe. "Kumbe," alisema.

Nilimweleza kwamba baba yangu hana hata ndama, aliuza mifugo yote zamani, yuko Kidodi analima miwa na anagombana na malori. Wewe ulimwambia ulikuwa unatania. Alijibu kwamba utani haukosi mbegu, akainuka, akachochea moto. Tangu siku ile mimi nikawa Wasukuma wote, kuanzia yule wa kwanza aliyevuka na fimbo yake mpaka yule atakayezaliwa kesho.

Nilikuwa nadhani chuki ni kelele. Nilikua kwenye nyumba ya kelele, mtu akikasirika sufuria linaruka, jioni mnakula pamoja. Ya Mama Amosi ilikuwa na adabu zake. Kila asubuhi nilimwamkia: shikamoo, Mama Amosi. Alikuwa anapuliza moto. Hata moto ukiwa unawaka vizuri, akisikia hatua zangu, anaanza kuupuliza. Zawadi, ambaye ni msichana mwepesi, hakujua aangalie wapi. Mwisho akachagua kuangalia viazi. Wahudumu wakaanza kunipitishia sahani chafu bila kusema neno, kama mtu anayeacha kitu mlangoni kwa jirani mwenye mbwa.

Halafu ikaja sahani.

Wewe unajua jinsi tulivyokuwa tunakula. Mabasi ya mchana yakishaondoka, sinia moja, wote tunazunguka, mkono wa meneja na mkono wa mwosha vyombo inagombea mfupa uleule. Siku moja nikanawa, nikasogea, nikakuta nimewekewa sahani yangu pembeni, juu ya stuli. Ilikuwa imejaa. Nyama yake ilikuwa kubwa kuliko zote, ya mnofu. Mgeni angeiona angesema huyu anapendwa. Nilikaa na ile sahani magotini nikatazama migongo yao, na ninakuambia ukweli, mtani, ningekuwa nimepigwa kofi ningeshiba zaidi.

Ndipo wewe ulipoondoka kwenye sinia na mguu wako mfupi, ukaja, ukainama, ukachukua ule mnofu wote ukautia mdomoni. "Nyama mnajua kuifuga tu," ulisema, umejaza mashavu. "Kuila tuachieni sisi." Ukarudi kwenye sinia.

Kesho yake tena, na keshokutwa. Sikumbuki siku uliyoacha. Hukuniomba msamaha, watani hawaombani msamaha, na mimi sikukuuliza. Lakini mtu akiiba kwenye sahani yako, sahani hiyo tayari imeliwa na wawili. Nafikiri ulilijua hilo kabla yangu. Nafikiri pia ulikuwa unapenda mnofu.

Usinifanye malaika kwa kuwa naandika barua. Mimi ni sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisa letu, na wakati ule niliimba vizuri kuliko wakati wowote kwa sababu nilikuwa na hasira. Niliomba pia. Nilikusimulia maombi yangu siku moja tukichambua matumbo ya mbuzi: namtaja Mama Amosi, namwombea heri, halafu namweleza Mungu aliyonifanyia, kwa mpangilio, asije akasahau. Ulinisikiliza mpaka mwisho, ukauliza, "Sasa hapo umemwomba Mungu au umemfungulia mwenzio kesi?" Nilikutukana, lakini Jumapili ile nilifupisha.

Kazi yenyewe ndiyo iliyokuwa inaning'inia. Mama Amosi alianza kupokea simu na kuwapa habari wengine, mimi ananiruka. Mafuta yako tayari, mchuzi uko tayari, basi linaingia, na mimi ndio kwanza naosha mchele. Abiria wanapiga meza. Kondakta anatukana kwa niaba ya kampuni. Mara ya kwanza meneja alinikemea mbele ya watu. Mara ya pili aliniita pembeni, akasema kwa upole unaotisha kwamba ikitokea tena nisisumbuke kuvua aproni, niondoke nayo. Nikitoka pale nina watoto wawili wa shule na hakuna mume wa kuandika habari zake hapa. Ungekuwepo ungesema mume alikimbia ugali. Haya, nimekusaidia.

Nikaanza kupika kwa kubahatisha. Nilikuwa nasikiliza barabara. Nilijifunza kumsoma Zawadi: akiongeza mkaa kuna basi, akitengeneza nywele hakuna. Ndivyo nilivyolinda kazi yangu, kwa nywele za Zawadi. Huko Kidodi baba alikuwa amenitafutia nafasi ya kuwapikia wakata miwa, akisisitiza kwamba huko hakuna mtu wa kuninunia. Nilipokuambia hukunizuia. Ulisema tu kwamba Kidodi nako watu wana midomo, na midomo ya kule ina njaa zaidi.

Na sasa nifike kwenye siku ya simu.

Mama Amosi alikuwa getini anabishana na muuza mkaa. Simu aliiacha kwenye rafu ya chumvi. Ikaita, ikaita, nikapokea. Kondakta hakuuliza ni nani. Alisema mabasi mawili, yameongozana, yamejaa mpaka mlangoni, yameshatoka Ruaha Mbuyuni, na abiria hawajatia kitu mdomoni tangu alfajiri. Akakata.

Nikairudisha simu palepale kwenye rafu.

Wali wangu ulikuwa tayari, na ugali maji yanachemka. Mchuzi wake yeye ulikuwa haujabandikwa. Nyama ilikuwa kwenye gogo lako, mbichi. Meneja alikuwa nje kidogo anapanga soda, masikio wazi. Na simu ni ya Mama Amosi, kila mtu anajua ni ya Mama Amosi. Sikuhitaji kusema uongo. Nilihitaji tu kufanya lile lile nililokuwa nafanyiwa: kunyamaza, na kuendelea kukoroga.

Kisu chako kilisimama. Ulikuwa umesikia yote; yule kondakta alikuwa anaongea kama mtu aliye ndani ya pipa. Nilikugeukia nikingoja tusi. Hiyo ndiyo mara pekee niliyokuona umenyamaza na mdomo wako hauna nyama.

Mama Amosi akarudi. Akafuta mikono. Akaanza kukata nyanya, taratibu, kama mtu mwenye mchana wote mbele yake. Mimi nakoroga. Nilikuwa nakoroga maji matupu, mtani, unga sijatia, na mwiko unazunguka. Niliwaza zile shikamoo zote zilizolala sakafuni kwenye lile jiko. Niliwaza stuli. Niliwaza jinsi meneja atakavyomwambia habari za aproni. Nilijisikia vizuri kiasi cha kutisha.

Nikamwona yule bibi wa Chanzuru. Sijawahi kukutana naye, lakini nilimwona, ameketi mbele ya shamba lililoliwa, na anachokula ni kile anachotumiwa na binti yake kutoka kwenye jiko hili hili. Kama mimi ningenyamaza, basi huyo bibi angekuwa ameliwa mara mbili, na mara ya pili Msukuma aliyehusika angejulikana kwa jina.

"Shikamoo, Mama Amosi," nilisema. "Mabasi mawili. Yameshatoka Ruaha Mbuyuni. Yamejaa."

Aliangalia simu kwenye rafu, akaniangalia mimi, akaiangalia simu tena. Nilimwona anapiga hesabu ya muda niliokaa nayo, na ninadhani aliipata sawasawa. Kisha akageuka. "Zawadi, mafuta. Stefano, nipe hiyo nyama hivyo hivyo ilivyo."

Asante haikuwepo. Mabasi yaliingia, watu wakala, kondakta akasifia mchuzi. Na mchana tulipokaa, sahani yangu ilikuwa pale pale juu ya stuli, imejaa, na mnofu wake.

Ukaja ukauchukua. "Mjinga wewe," ulisema ukitafuna. "Umemshika mwizi wako mkononi, umemfungulia." Nikakuambia na wewe ni mwizi, mbona sijakufunga. Uliinama kama unaokota kitu, na ukasema kwa sauti ambayo hukuwahi kuitumia na mimi:

"Kesho rudia."

Nilirudia. Nimeambiwa kanisani mambo mengi marefu kuhusu kuvumilia, na mengi ni ya kweli, lakini lililonibeba ni hilo lako la maneno mawili. Sikuwa mtu mwema. Nilikuwa mtu anayerudia. Nilimwamkia, akapuliza moto. Nilimchotea maji yake kabla ya yangu, akayatumia. Ukipita wewe, unaniuliza kama Mungu ameshatoa hukumu, nakuambia kesi imeahirishwa.

Halafu ukaanza kile kikohozi, ukaenda kwenu juu ya Kilosa upumzike kidogo. Ulinitania kwamba unaenda kunyoosha ule mguu. Simu ya msiba aliipokea Mama Amosi. Alitutangazia wote, na safari hii hakuniruka.

Meneja alikodi gari la Noah. Walijipanga ndani, nafasi ya nyuma kabisa kando ya mzigo wa mchele wa rambirambi wakaniachia mimi. Njia nzima kutoka Mikumi hadi Kilosa nilikuwa nimepakata aproni yako, niliyoifua ili niikabidhi kwa ndugu zako. Tulipopanda mlima, Zawadi aligeuka mara moja akaniangalia, akarudi kuangalia mbele.

Kwenu palikuwa pamejaa. Niliposhuka tu, kijana mmoja aliyeegemea mchungwa aliuliza, wala si kwa utani, "Na huyu wa ng'ombe amefuata nini huku?" Hakuna aliyemjibu. Nilijua mwaka ule mashamba ya chini yalikuwa yameliwa si Chanzuru tu, na watu walikuwa wamelala na hasira muda mrefu. Nikaenda kusimama nyuma ya gari. Nilijiambia nitakuaga kutokea pale, Mungu haangalii umesimama wapi.

Mchungaji alimaliza sala. Jeneza liko uani, vijana wameshainama kulibeba. Kaka yako, yule mzee mrefu, akainua mkono. "Kabla hatujamtoa," alisema. "Mtani wake yuko wapi?"

Watu wakaangaliana. Akauliza tena, na sauti yake ilikuwa imepungua, kwa sababu hakuna mzee anayependa ndugu yake azikwe kama mtu aliyeishi bila kutaniwa. Nilimwangalia yule kijana wa mchungwa. Nikaitazama aproni.

"Yupo."

Sauti niliijua kabla sijamwona. Mama Amosi alikuwa amesimama katikati ya wanawake. "Yupo," alirudia. "Amejificha nyuma ya Noah."

Wakageuka wote. Nilivaa aproni yako, mtani. Nikafupisha mguu mmoja, nikatembea kama meza mbovu kupita katikati ya watu hadi kwenye jeneza, na nikalizuia, kama mtani anavyozuia mpaka alipwe chochote. Mahali fulani mtu alicheka puani, akajizuia. Nilikuwa na matusi ya kutosha, ya miguu, ya mnofu, ya kikohozi. Lakini kilichotoka ni kile kilichokuwa kimenikaa kooni tangu asubuhi ile ya ndoo.

"Msimtoe huyu," nilisema. "Wale ng'ombe waliokula Chanzuru, aliyekuwa akiwaswaga ni huyu. Mimi nimelaumiwa, nimenuniwa, kumbe mwenyewe amekuja kujificha humu ndani."

Hata watoto waliokuwa wakicheza walisimama. Utani ule ule uliotuharibia nilikuwa nimeuchukua ulivyo, nimeurudisha mbele ya watu wenye mashamba, na sikujua utaanguka upande gani. Nilimwangalia Mama Amosi. Alikuwa ameng'ata kanga. Mabega yalikuwa yanatikisika, na ilipita muda kabla sijajua ni kilio. Alikuwa analia kilio cha shamba, kile alichokikalia juu ya ndoo. Alilia mpaka akamaliza, wenzake wamemshika, na mimi nimesimama kwenye njia ya jeneza kwa mguu mmoja.

Kisha akajifuta uso.

"Asitoke," alisema. "Asitoke hapo mpaka alipe mahindi ya mama yangu."

Ndipo watu walipocheka. Walicheka kama mvua inayoanzia kwenye bati la jirani, mpaka kaka yako akaegemea ukuta. Akaingia ndani, akatoka na hindi moja kavu, akanikabidhi mimi kama mtani. Nikampelekea Mama Amosi. Alilipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama inavyopasa. Nikarudi, nikaondoka njiani, wakakutoa.

Nilidhani hapo yamekwisha. Wewe ungenicheka.

Siku ya kurudi kazini nilimwamkia. Alipuliza moto. Nikajisemea haya, msibani ni msibani na jikoni ni jikoni. Gogo lako sasa lina mkata nyama mwingine, mtu mpole wa Ifakara, nikimsalimu ananiitikia vizuri na kuniulizia watoto. Inachosha. Nilifanya kazi asubuhi nzima nikisubiri mtu anitukane.

Mchana nikanawa. Sahani ilikuwa kwenye stuli. Nikakaa nayo, nikatazama mnofu, na kwa mara ya kwanza tangu ufe nilielewa kwamba umekufa, maana mnofu ulikuwa mzima na hakuna aliyekuwa anakuja kuuiba.

Kivuli kikaniangukia. Mkono ukapita begani kwangu, mkono mnene wenye alama za mafuta ya moto, ukachukua mnofu wote. Sikuinua kichwa. Nilisikia anatafuna, bila haraka.

"Wasukuma," Mama Amosi alisema, "nyama mnajua kuifuga tu."

Nilimjibu, mtani. Nilimwambia habari za mguu mmoja. Zawadi aliacha viazi vikaungua, na meneja akampigia kelele, na hakuna aliyejali.

Sahani bado ipo kwenye stuli, na bado kuna asubuhi moto unapulizwa kuliko unavyohitaji. Ng'ombe wa Chanzuru hatujawajua ni wa nani, na pengine hatutawajua. Mimi narudia. Lala salama huko kwenye mteremko wako, mguu mrefu uelekeze chini, na usiwe na wasiwasi: nyama yangu haijawahi kunifikia.

Mimi mtani wako,
Msukuma wa jikoni.